Furaha ya "haitengenezwi tena"

Mwambie mwenye gari kwamba kipuri anachokitafuta hakitengenezwi tena, umempa habari mbaya. Mwambie mgonjwa hivyohivyo kuhusu dawa yake, umemtisha. Lakini mwambie mkusanyaji wa saa kwamba ile kronografu ya Uswisi aliyoipata juzi haitengenezwi tena, macho yatamng'aa kama mtoto siku ya Idi. Analijua hilo tayari, na ndilo lililomtoa pesa mfukoni, ila anapenda kulisikia. Mimi jambo hili limenikera muda mrefu. Furaha hii inatoka wapi? Na je, ni furaha safi?

Kronografu, kwa asiyeijua, ni saa ya mkononi iliyobeba kipima-muda ndani yake. Unabonyeza kitufe cha pembeni, mshale unaanza kuhesabu. Unabonyeza tena, unasimama. Basi. Simu yako inafanya kazi hiyohiyo bure, tena kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba watu wanahangaika miaka kuitafuta ili wapime muda wa kuchemsha mayai.

Nichukue mfano mmoja, Zenith A386. Ilitoka mwaka 1969 ikiwa na mashine iliyopewa jina El Primero, yaani "ya kwanza" kwa Kihispania, kwa sababu Zenith ilikuwa kwenye mbio na wenzake: nani atakuwa wa kwanza kutoa kronografu isiyohitaji kutiwa ufunguo, inayojitia yenyewe kwa mwendo wa mkono. Nani alishinda? Wanabishana mpaka leo, waache wabishane. Moyo wa mashine hiyo unapiga mara 36,000 kwa saa, mara 10 kila sekunde, ndiyo maana inaweza kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Usoni ina viduara vitatu vilivyopandiana, kimoja cha bluu na viwili vya kijivu, kimoja kimekolea kuliko mwenzake. Ni nzuri, sibishi.

Sikukuu ya Krismasi mwaka huohuo, Seiko ya Japani ikaleta saa ya betri. Haikupita miaka mingi saa za namna hiyo zikawa rahisi, zikawa sahihi kuliko za mashine, na Uswisi ikatikisika. Mwaka 1970 viwanda vya saa vya nchi hiyo vilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki elfu thelathini na kitu. Hesabu mwenyewe. Kila "haitengenezwi tena" ya miaka ile ina watu waliorudi nyumbani wakiwa hawana kazi. Mkusanyaji anapoisema kwa kicheko, hilo halimo akilini mwake, wala simlaumu sana. Lakini limo ndani ya bei.

Zenith wakati huo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya redio na televisheni ya Chicago iliyokuwa na jina lilelile. Mwaka 1975 amri ikatoka: saa za mashine basi, mitambo iondolewe. Pale kiwandani Le Locle alikuwepo fundi mmoja, Charles Vermot. Akasihi, hakusikilizwa. Basi akaanza kubeba, kimyakimya, vifaa vya kukatia vipuri, kalibu na michoro, akivipandisha darini kwenye jengo la kiwanda na kuandika kila kitu kinakaa wapi na kinafanya nini. Miaka ikapita. Kampuni ikarudi mikononi mwa Waswisi, na mashine ile ilipohitajika tena miaka ya 1980, vitu vyote vilikuwa darini vinangoja. Kufika 1988 hata Rolex ilikuwa inaichukua na kuirekebisha kwa ajili ya Daytona yake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Vermot aliipenda saa ile, hakuna atakayebisha. Mkusanyaji naye anaipenda. Lakini mapenzi ya Vermot yalitaka nini? Yalitaka itengenezwe tena, ivaliwe na watu wengi ambao hatawajua. Ya mkusanyaji, kwa wengi wao, yanataka isitengenezwe kamwe. Kitu ni kimoja, na matakwa yanagongana uso kwa uso. Yote mawili tunayaita mapenzi kwa kukosa neno jingine.

Utaniambia anapenda uzuri wake na ufundi wake. Sawa, hebu tupime. Mwaka 2019, kutimiza miaka 50, Zenith yenyewe iliirudisha A386 kwa sura ileile, ya dhahabu, kwa dhahabu za rangi tatu, vipande 50 tu kwa kila rangi. Angalia hiyo "tu". Zamani kitu kiliadimika kwa sababu kiwanda kimekufa. Sasa kiwanda kizima, chenye afya, kinaadimisha kwa makusudi. Uzuri ungekuwa ndio hoja, wangetengeneza laki moja na kila mtu angefurahi.

Na uzuri wenyewe unageuka. Zile Daytona zenye uso wa mapambo, ambazo leo zinaitwa kwa jina la mwigizaji Paul Newman, zilipokuwa mpya zilidoda madukani. Oktoba 2017 ile aliyoivaa Newman mwenyewe ilipigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Kweli, jina lake limo humo. Ila hata zile zisizowahi kuguswa na mtu maarufu hazishikiki bei. Uso ni uleule uliokataliwa.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kitu kisicho na mbadala hukufundisha kutazama. Ukijua glasi ikivunjika utanunua nyingine, huiangalii unapoiosha. Mwenye A386 anajua sauti ya saa yake, anajua mafuta ya ndani hukauka, anampelekea fundi kabla haijaumia. Wako wanaozivaa, wanazikwaruza, wanawarithisha watoto. Hao nawaheshimu, maana wanakitunza kwa kuwa hakitarudi, ambalo ni jambo tofauti kabisa na kuombea kisirudi. Tatizo ni kwamba kwa nje huwezi kuwatofautisha. Wote wanacheka kicheko kilekile.

Kwa hiyo mimi humweka kila mmoja kwenye kiwanda kile, 1975, saa tayari iko mkononi mwake na amri imeshatoka. Vifaa vimelala sakafuni, ngazi ya darini iko mbele yake, na hakuna anayemwona. Nadhani wengi wangebeba. Ila wangepanda polepole sana, na pengine kalibu moja mbili zingesahaulika chini.