Mtutu Mpya, Nia ya Nani?

Tarehe 2 Julai 1890, wajumbe wa mataifa 17, Zanzibar ikiwamo, walitia saini mjini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo uligusa pia bunduki. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini, silaha zenye mitutu iliyochongwa mifereji ndani zilipigwa marufuku kuingizwa. Bunduki ya gumegume, yenye mtutu laini, iliweza kuuzwa kwa masharti pamoja na baruti ya kawaida. Kasongo na Kabambare, zilizoko Maniema, mashariki ya Kongo, kati ya nyuzi nne na tano kusini, zilikuwa katikati ya eneo hilo.

Kilichotenganisha bunduki iliyoruhusiwa na iliyokatazwa, basi, hakikuwa uwezo wa kuua. Gumegume nayo huua. Kilichokatazwa kilikuwa shabaha.

Siri ya shabaha imo ndani ya mtutu. Katika mtutu laini risasi ya duara hupita kwa kulegea, hugonga huku na huku, na ikifika mdomoni hushika njia ya mgongano wa mwisho. Mifereji inayopinda huibana risasi na kuizungusha, nayo husafiri bila kuyumba. Mpaka leo, mwenye bunduki fupi ya boliti, ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, akilalamika kwamba hailengi, fundi huanza kwa mtutu: mifereji iliyolika, mdomo uliochubuka, chemba isiyolingana na mhimili. Ufupi peke yake si kasoro. Mtutu mfupi na mnene hutikisika kidogo kuliko mrefu mwembamba, ingawa risasi hutoka na kasi pungufu. Kuubadilisha ni kubadilisha kiungo kinachoamua risasi itaangukia wapi, na hapo fundi anaingia katika mjadala uliowashughulisha wanazuoni muda mrefu kabla ya baruti.

Kasongo ni mji wenye mizizi mirefu ya Uislamu nchini Kongo, na madhehebu yake ni ya Shafii, kama pwani ya Afrika Mashariki ulikotoka Uislamu huo. Kwa mwindaji Mwislamu wa huko shabaha ni suala la chakula. Hadithi inasimulia kwamba Adi bin Hatim alimuuliza Mtume kuhusu mnyama aliyepigwa kwa fimbo ya kurushwa yenye ncha. Jibu likawa kwamba aliyechomwa kwa ncha analiwa, bali aliyekufa kwa kipigo cha ubavu wa fimbo haliwi, kwa kuwa huyo ni sawa na mnyama aliyepondwa. Baruti ilipoenea, wanazuoni walijadili risasi iko upande gani. Shawkani wa Yemeni, aliyefariki mwaka 1834, alihalalisha windo la bunduki akisema kwamba risasi hupenya.

Hadithi nyingine, iliyopokewa na Shaddad bin Aws, inaamuru wema katika kila jambo, hata katika kuua: anayechinja anoe kisu na ampunguzie mnyama mateso. Ukiufuata mstari huo, mtutu uliolika ni jamaa wa kisu butu. Swala aliyejeruhiwa paja akakimbilia porini, akafa siku ya pili mahali asipopatikana, amedhulumiwa, na familia iliyosubiri kitoweo imepoteza. Fundi anayerudisha shabaha ya bunduki ya namna hiyo ana hoja nzuri ya kusema kwamba kazi yake ni ibada.

Hoja hiyo, hata hivyo, ina mpaka. Katika msitu mnene mwindaji hupiga karibu, kwa kuwa majani humzuia kuona mbali. Huruma kwa mnyama inadai risasi iende pale ilipoelekezwa kwa umbali huo. Haidai uwezo wa kuchagua kifua cha kiumbe kilichoko mita mia nne, ng'ambo ya bonde. Shabaha inayozidi mahitaji ya windo haizidishi huruma. Ipo kwa ajili ya shughuli nyingine.

Je, bunduki isiyolenga ni salama zaidi kwa wanadamu? Wajumbe wa Brussels walionekana kuamini hivyo, lakini mto Lualaba ulikuwa umeshatoa ushahidi tofauti. Tarehe 15 Julai 1871, mpelelezi David Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, kaskazini ya Kasongo. Watu wa wafanyabiashara Waarabu waliingia na bunduki, ukazuka ubishi wa bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Wanawake waliokuja kuuza bidhaa walikimbilia mitumbwini na majini, wakapigwa wakiwa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kwa umati uliosongamana, mpigaji hakuhitaji mtutu wa mifereji. Silaha duni iliua yeyote aliyekuwa mbele yake, na hakuna aliyeweza kuulizwa kwa nini alimchagua huyu akamwacha yule.

Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu hao vilileta shabaha Maniema kwa mlango wa serikali. Mkataba haukuyabana majeshi ya dola, na askari wa Dola Huru walibeba Albini, bunduki ya mifereji iliyotumiwa na jeshi la Ubelgiji, dhidi ya wapiganaji ambao wengi wao walikuwa na magobore. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893 kutoka mikononi mwa Sefu, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Mwaka 1898 Kabambare ilitekwa tena. Safari hii walioiteka walikuwa askari wa dola hiyohiyo walioasi, wakiwa na bunduki walizopewa na dola.

Mtu wa imani anaweza kusema kwamba yote haya ni mipango ya Mungu. Kurani, katika sura ya Al-Anfal inayozungumzia vita vya Badr, inamwambia Mtume kwamba aliporusha si yeye aliyerusha, bali Mungu. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi: hata moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake, Mungu ndiye anayeumba kuungua kila vinapogusana. Kwa kipimo hicho mifereji ya mtutu haiongozi chochote. Katika uasi wa Simba wa 1964 nchini Kongo, na baadaye kwa wanamgambo wa Mai-Mai, wazo la aina hiyo lilipata umbo lingine: mpiganaji akishika masharti ya dawa na maji, risasi ya adui itageuka maji. Lakini wanatheolojia wa Kiashari, Ghazali akiwa mmoja wao, hawakumwachia mwanadamu mwanya wa kutorokea. Mungu huumba tendo, mja hulichuma, na kwa kulichuma huko ataulizwa.

Sheria ya Kiislamu ilijenga juu ya kuulizwa huko. Sura ya An-Nisaa inatenganisha kuua kwa bahati mbaya na kuua kwa kukusudia. Aliyeua Mwislamu mwenzake kwa bahati mbaya anatakiwa kulipa dia na kumwacha huru mtumwa muumini. Amri hiyo ilisomwa Kasongo katika miaka ambayo bunduki ndiyo ilikuwa chombo cha kupatia watumwa, na msikilizaji mwenye akili angeweza kuuona ukinzani huo.

Wanazuoni wa Shafii waliongeza daraja la tatu, la kuua kunakofanana na kusudi. Nia imefichika moyoni, hivyo kadhi anaitazama zana. Aliyempiga mtu kwa kijiti kisha mtu akafa hahesabiwi sawa na aliyetumia kitu ambacho kwa kawaida huua. Chombo kinatoa ushahidi dhidi ya aliyekishika. Kwa upande wa Wakatoliki, ambao Kasongo ni makao ya jimbo lao, Thomas wa Aquino alifika karibu na hapo: aliyeua bila kukusudia hana hatia ya mauaji iwapo alichofanya kilikuwa halali na alichukua tahadhari iliyompasa.

Tukiweka mtutu mpya mbele ya kadhi au padri, kinachobadilika kinaonekana. Mwenye gobore akikosa anaweza kuisingizia silaha, na mara nyingi atakuwa mkweli. Mwenye bunduki iliyofungwa mtutu mzuri, akiwa amelenga kwa utulivu, amebakiwa na visingizio vichache. Shabaha haiongezi wema wala uovu wa tendo. Inapunguza sehemu ya bahati na kukuza sehemu ya nia.

Na fundi? Fikihi ilikwisha kumjadili kwa jina la muuza zabibu. Katika madhehebu ya Shafii, kumuuzia zabibu mtu unayejua atatengeneza mvinyo ni haramu, na ukiwa na shaka tu ni makruhu. Bukhari anaeleza kwamba Imran bin Husayn, sahaba wa Mtume, alichukia silaha ziuzwe wakati wa fitina. Mataifa ya Afrika ya Kati nayo yalikutana Kinshasa mwaka 2010 yakakubaliana mkataba wa silaha ndogo, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017. Jina lake rasmi linataja pia vipuri vinavyotumika kutengeneza, kukarabati na kuunganisha silaha. Mtutu umo.

Kanuni ya zabibu inadhani wanunuzi wanaweza kupambanuliwa. Kabambare inaifanya iwe ngumu. Karibu na Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambako Mai-Mai Malaika wamekuwa wakiendesha shughuli zao, mtu mmoja anaweza kuwa mwindaji, mlinzi wa kijiji na mpiganaji katika mwaka uleule, na hakuna alama ya kumtambulisha anapoingia na bunduki yake kwa fundi. Kumuuliza nia hakutoshi, maana kila mmoja atajibu kwamba anawinda.

Hapo mbinu ya kadhi wa Shafii inaweza kumfaa fundi kabla mauaji hayajatokea. Anayeomba mdomo wa mtutu unyooshwe ili asijeruhi wanyama kwa hatua arobaini ameomba kitu kinachoeleweka msituni. Anayetaka bunduki fupi, nyepesi kubebwa, ipige kwa uhakika umbali ambao miti ya huko hairuhusu mwindaji kuona, ameshajibu swali kwa aina ya kazi aliyoiagiza. Fundi akiipokea kazi hiyo hawezi tena kusema kwamba alikuwa na shaka tu.