Nani Aitwe Sugu?

Katika lugha yetu sugu ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kazi. Tena ni mtu asiyesikia onyo. Neno hili limevikwa kifafa kisichotulizwa na dawa. Halina ubaya likikaa juu ya ugonjwa, lakini majina ya namna hii huteremka yakamvaa mgonjwa.

Mwaka 2010 wataalamu wa kimataifa wa kifafa waliweka kipimo: dawa mbili, zilizochaguliwa sawasawa, zikavumilika na kutumiwa ipasavyo, zikishindwa, ugonjwa ni sugu. Kipimo hiki hakikuokotwa njiani. Katika uchunguzi wa Glasgow uliotangazwa na Kwan na Brodie mwaka 2000, miongoni mwa wagonjwa ambao hawajapata kutibiwa, karibu nusu walitulia kwa dawa ya kwanza. Kwa ya pili, 13 tu katika kila 100. Baada ya hapo tumaini lilikuwa dogo mno.

Basi tabibu asemaye, “Tujaribu ya tano, tujaribu ya sita,” hudhani ana subira. Subira ya nani? Gharama yake hailipi yeye. Hulipwa na mtoto aangukaye motoni, na kijana aliyeacha shule, na yule alalaye usiku asiamke.

Walakini haraka nayo ina dhambi yake. Yuko aanguakaye kwa sababu isiyo kifafa kabisa. Yuko aliyepewa dawa isiyolingana na kifafa chake. Kumpasua mtu huyo ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine. Na mtambo wenyewe, ulioruhusiwa Marekani mwaka 1997, si muujiza. Hutiwa chini ya ngozi ya kifua, uzi wake ukazungushwa kwenye mshipa wa fahamu uitwao vagasi, shingoni upande wa kushoto, ukapeleka umeme, kwa kawaida sekunde 30 kila dakika 5. Kwa karibu nusu ya watu kifafa hupungua kwa nusu au zaidi. Waponao kabisa ni wachache, na sauti huweza kukwaruza. Kwa hiyo afaaye kupasuliwa ubongo apimwe kwanza kwa ajili ya hilo.

Daftari la hospitali huuliza ni dawa ngapi zilizoshindwa. Mimi ningeongeza swali jingine: ni siku ngapi dawa haikuwapo? Katika nchi maskini, watu watatu katika kila wanne wenye kifafa hawapati matibabu yapasayo. Hao hakuna aliyewajaribu bado.