Dhahabu ya Mwanafunzi Wako
Somo: 2 Timotheo 2:2

Patrick Sang alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Dunia 1991, medali ya fedha. Olimpiki ya Barcelona 1992, fedha. Dunia 1993, fedha tena. Dhahabu ya dunia wala ya Olimpiki hakuipata. Lakini alimpa kijana jirani kule Nandi ratiba ya mazoezi, akawa kocha wake. Kijana huyo, Eliud Kipchoge, akaleta dhahabu mbili za marathoni Olimpiki, 2016 na 2021.

Mimi nilisomea biashara. Nimezoea kuuliza faida yangu iko wapi. Kijana niliyemfundisha kuhubiri aliposhangiliwa hapa Nyeri kuliko mimi, niliona wivu. Nimetubu.

Fundi wa Karatina, mama wa duka Othaya, wiki hii mfundishe mmoja. Akikupita, sema amina!