Je, Kukagua Motokari ya Ndugu ni Kukosa Kumwamini?



Swali hili limeletwa mbele yetu mashemasi zaidi ya mara moja. Ndugu anauzisha jeep yake, Land Cruiser ao Prado, ao hata Lexus, yenye kutembea kilometa 300,000 na zaidi. Mwenye kununua ni wa kanisa pia. Anapoomba kuleta fundi, mwenye motokari anakasirika: «Sisi si tunaomba pamoja? Huniamini?» Basi mwenye kununua anaona haya, anahesabu feza, anapokea ufunguo. Miezi miwili kisha hapo, wale wawili hawakai tena kwenye benchi moja.

Sisi tunasema wazi: kukagua si zambi, wala si matukano. Hapa Vitshumbi tunakijua jambo hili kwa samaki. Mama anayenunua tilapia anafungua mashavu ya samaki na kuangalia wekundu wake, hata kama anayeuzisha ni dada yake wa tumbo moja. Hakuna anayenuna. Kwa nini basi kitu cha franga kidogo kifunguliwe, na kitu cha maelfu ya dolari kifunikwe kwa neno «ndugu»?

Tena motokari haiwi ya yule aliyelipa peke yake. Toka huku kwenye ziwa mpaka Rwindi, halafu kupanda Kabasha kwenda Kanyabayonga ao kushuka Rutshuru na Goma, inabeba wamama na vikapu vyao, wagonjwa, watoto wa shule. Freni ikikataa pale Kabasha haiulizi nani alimwamini nani. Kwa hiyo aliyeona haya kukagua hakujihatarisha yeye tu; aliweka maisha ya watu wengine ndani ya haya yake.

Tujue pia motokari hizi zinatoka wapi. Nyingi ni za Japani, zimeshuka melini Mombasa ao Dar es Salaam. Kenya inakataa kuingiza motokari iliyopita miaka 8 toka kuandikishwa mara ya kwanza. Uganda, toka mwaka 2018, inakataa ile iliyofikia miaka 15. Kwetu zinafika nyingi zenye umri kuliko huo, na zingine zimekwisha kubadili wenyewe mara nyingi. Uzee si aibu. Mashini ya Land Cruiser iliyotunzwa vizuri inaweza kupita kilometa 400,000. Lakini watu wengi wanasahau jambo moja juu ya motokari ya utajiri: ikizeeka, bei yake inashuka, bali bei ya pyesi zake haishuki hata kidogo. Anayenunua Range Rover kwa bei ya motokari ndogo ataitunza kwa bei ya Range Rover.

Sasa kontere ya kilometa. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani ndani ya mfuko mmoja, kubwa na dogo. Kontere iliyorudishwa nyuma ni jiwe dogo la siku hizi. Siku hizi hata haifunguliwi kwa turnevisi. Kontere za elektroniki zinabadilishwa kwa mashini ndogo ya mkononi. Kwa hiyo usisome namba tu, soma motokari yenyewe. Kontere ikisema 90,000 na raba ya pedali ya freni imelika mpaka chuma, volani imekuwa laini kama kioo na kiti cha shofere kimezama upande mmoja, basi pedali ndiyo inayosema kweli. Uliza pia cheti cha Japani cha kuitoa motokari inchini. Kwenye vyeti vya siku hizi kilometa za wakati wa ukaguzi zimeandikwa pale. Linganisha nimero ya shasi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya karatasi za duane.

Fika asubuhi, mashini ikiwa baridi. Weka mkono kwenye kapo. Ukikuta moto, kuna aliyeiwasha mbele yako, na ana sababu yake. Ikiwashwa, angalia moshi. Wa buluu unaonyesha kwamba mashini inakula mafuta yake. Mweupe mzito usioisha, pamoja na maji yanayopungua ndani ya radiatere, ni alama ya maji kuingia mahali pasipo pake. Chomoa chuma cha kupimia mafuta: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, piga magoti, omba, kisha urudi nyumbani na feza yako. Uliza juu ya mkanda wa raba wa ndani ya mashini. Kwa mashini za mazuti kama 1HZ ya Toyota unabadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, na ukikatika njiani unaharibu vitu vingi ndani. Ingiza 4x4 na vitesi vifupi, uone kama vinaingia kweli. Kwa zile zinazosimama juu ya hewa, iache usiku kucha. Kama asubuhi imelala upande, umepata jibu.

Kwetu hapa kuna ugonjwa mwingine tena. Motokari iliyobeba samaki wa chumvi, maji yake yanateremka ndani ya shasi na kula chuma kimyakimya, na rangi mpya inafunika. Lala chini, gonga kwa turnevisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

Je, yule anayeuzisha analazimishwa kusema kila kitu bila kuulizwa? Mabishano haya ni ya zamani. Cicero wa Roma, mwaka 44 mbele ya Kristo, aliandika juu ya mfanyabiashara aliyeleta ngano katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba meli zingine zinafuata. Awaambie watu, ao auzishe kwanza kwa bei kubwa? Mwalimu mmoja, Diogenes, alisema kunyamaza si kuficha. Mwingine, Antipater, alisema lazima aseme. Cicero alisimama upande wa kusema, na sisi pia. Mtu anayejua kwamba freni yake inavuja na ananyamaza juu mwenzake hakuuliza, huyo amesema uongo kwa mdomo uliofungwa.

Na uongo huo unaharibu soko lote. Mmarekani George Akerlof alionyesha jambo hilo mwaka 1970, kwa mfano wa motokari zilizotumika: wanunuzi wasipoweza kutofautisha nzuri na mbaya, wanatoa bei ya chini kwa zote, mwenye nzuri anaona hasara, anaiondoa, zinabaki mbaya. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mwenye kununua asifurahi mapema. Mezali sura ya 20 inamjua vizuri: mbele ya mwenyewe anadharau kitu, akiisha kwenda zake anajisifu. Kulia kwamba mashini imekufa, na fundi wako amekunong'onezea kwamba ni nzima, ni jiwe lile lile la uongo kwenye upande wa pili wa mizani.

Inabaki fundi. Wengi wanakubali fundi wa mwenye motokari, ao yule atakayepata komisyo soko likikubalika. Huyo hawezi kuwa shahidi. Tafuta wako, mpatane bei ya kazi mbele ya kuona motokari, na umlipe siku ile ile, hata akikuambia usinunue.