Vipimo Visipolingana, Kosa ni la Nani?

Mtoto apima dawati kwa shibiri, apata nane. Arudia, apata nane vile vile, naye afurahi. Mwenzake apima dawati lilo hilo, apata saba, na arudiapo apata saba. Kila mmoja alingana na nafsi yake, wala hawalingani wao kwa wao. Haya ni mambo mawili, nasi walimu twayachanganya mara nyingi.

Huko Greenwich, Uingereza, katika nyumba ya kutazamia nyota, mkuu alikuwa Nevil Maskelyne. Mtazamaji aliiangalia nyota katika darubini ikipita penye uzi mwembamba, huku akisikiliza mapigo ya saa, apate kukisia hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mwezi wa Agosti 1795 msaidizi wake, David Kinnebrook, alionekana kuchelewa nusu sekunde kuliko bwana wake. Akaonywa. Januari 1796 tofauti ilifika sehemu nane katika kumi, akaondolewa kazini.

Iangalieni hukumu ile. Wawili walihitilafiana, na jicho la mwenye cheo ndilo lililofanywa kipimo! Maskelyne mwenyewe alipimwa na nani?

Miaka ikapita, hata Friedrich Bessel, mtaalamu wa nyota wa Königsberg, alipoisoma habari hii akaingiwa na shaka. Akajilinganisha na watazamaji hodari, akaona kwamba yeye na mmoja wao wahitilafiana kadiri ya sekunde nzima, na wote wawili ni waangalifu. Kumbe kila mtu ana kukawia kwake kati ya jicho na sikio, wala si uvivu. Kwaweza kupimwa na kutiwa katika hesabu. Kinnebrook hakuyasikia hayo, kwani alikwisha kufa mwaka 1802.

Nasi je, tusahihishapo insha? Mwaka mmoja tulizifunika alama zetu, tukazisahihisha insha zile zile baada ya majuma matatu. Nyingi zililingana, chache zilitutia haya. Kisha tukampa mwalimu mwenzetu. Yeye alilingana na nafsi yake kuliko sisi, lakini karibu kila insha aliipunguzia alama kumi. Tulitaka kumwita mkali. Naye alikwisha kutuita walegevu. Basi tukaketi hata usiku na insha moja tu, tukiulizana kila alama imetoka wapi. Mwenye insha ile kwetu alikuwa amefaulu, kwake ameshindwa, na asubuhi alikuwa aja kuuliza.