Sufuria Mtoni

Juzi nililala hemani na vijana msituni Mlima Kenya, mita 2,400 hivi, kando ya mto Naro Moru. Baridi ilitutoa kamasi! Asubuhi nikachukua sufuria ya ugali na sabuni, nikainama mtoni. Kijana mmoja akaniuliza, “Pasta, haya maji si yanaenda kwa watu?” Kweli. Yanaingia Ewaso Ng'iro, yanashuka mpaka Samburu, mifugo inakunywa. Mimi nilisomea biashara. Najua gharama asiyoilipa mwenye kiwanda hulipwa na mtu mwingine. Lakini je, nisiyemwona kamwe ni jirani yangu? Nilitaka kujitetea kwamba povu ni kidogo tu. Basi kila mwenye sufuria husema hivyo. Nikachota maji kwa ndoo, nikaoshea mbali na mto, vidole vimekufa ganzi.