Deni la Mwenzako wa Nyumba

Vijana wetu waendao kusoma Ufaransa hukuta kwamba vyumba vya CROUS, shirika la umma la wanafunzi, havitoshi. Basi wengi hupanga nyumba pamoja na watu wasiowajua, wakitumia jiko moja na jokofu moja. Ugomvi wa masufuria huisha wenyewe. Lililo zito ni ile sahihi: mara nyingi mkataba una sharti kwamba mmoja asipolipa kodi, waliobaki wamlipie. Hata aliyehama, kwa sheria ya mwaka 2014, aweza kudaiwa hadi miezi sita baada ya notisi yake kwisha, isipokuwa mwingine ameingia katika mkataba badala yake.

Je, ni haki kubeba deni la mtu uliyemjua juzi? Twaona ni haki, maadamu mtu alisoma kabla ya kutia sahihi. Lakini (na hapa vijana hutununia) anayekusudia kuhama yampasa awaambie wenzake kabla hajamwandikia mwenye nyumba, tena awasaidie kutafuta mpangaji. Sheria haimlazimishi. Notisi ya nyumba yenye samani ni mwezi mmoja tu, na katikati ya muhula wapangaji ni haba.